Jinsi Tulivyomtafuta Gonoleki

Vijana wa ofisini mmeniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi kabla sijasahau. Sijasahau. Nimestaafu juzi tu, na bado naamka kabla ya adhana ya alfajiri nikijiuliza kama chupa za chai zimejazwa. Lakini nitaandika, maana nyumbani kwetu Buyenzi mafundi wa magari wanaanza kugonga mabati asubuhi na mapema, na mtu akiwa na kalamu mkononi anapata ruhusa ya kuwaambia wenzake wanyamaze. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Niliingia kazini kama karani wa kukata tiketi za eropleni, katika ofisi ya chumba kimoja na nusu pale Mutanga Sud. Ile nusu ilikuwa baraza iliyozibwa kwa mbao. Mwenye ofisi tulimwita Patroni, na nadhani hata mkewe alimwita hivyo. Siku yangu ya kwanza aliingia Mzungu mmoja mrefu, matope mpaka magotini, akaniuliza kwa Kifaransa ni wapi anaweza kupata ndege wazuri. Mimi, mtoto wa mjini, nikamwelekeza soko la kuku. Nikamwongezea na ushauri kwamba akitaka kanga aende mapema, kwa kuwa wanaisha haraka. Alinishukuru sana na akatoka.

Dereva wetu, Salvatori, alikuwa amekaa barazani anasikia kila kitu. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akatoka mbio kumfuata yule mgeni barabarani. Walirudi jioni kutoka delta ya Rusizi, wote wawili wana matope, na mgeni anaongea peke yake kwa furaha. Alikuwa ameona korongo, mwari na vindege vingine ambavyo mimi maisha yangu yote nilikuwa nikiviita "vile vidogo." Patroni alipoona mgeni kama yule anaondoka ameridhika, alisema tuendelee na mambo hayo, na kwamba mimi ndiye nitakayepanga. Sijui aliona nini kwangu baada ya habari ya kuku.

Aliyenifundisha kazi ni Salvatori. Alikuwa mtu wa Ruziba, mtoto wa mvuvi, na ndege aliwajua kwa sababu utotoni aliwafukuza kwenye mashamba ya mpunga. Alisema ukimfukuza ndege miaka saba, utamjua kuliko aliyempenda. Jumeli yetu ya kwanza, yaani ile darubini ya macho mawili, ilikuwa imekufa jicho la kushoto. Ndege wote wa Burundi nimejifunza kwa jicho la kulia. Hata leo nikitazama kitu kwa makini nafumba jicho moja, na wajukuu wangu wanadhani nawakonyeza.

Salvatori hakuanza kupanga safari kwa kuuliza gari. Aliuliza kwanza mgeni anamtaka ndege gani, kisha ndege huyo anaamka saa ngapi, kisha jua litakuwa upande upi saa hiyo, maana jua linapaswa kuwa mgongoni kwa mgeni na si machoni. Gari lilikuja mwisho. Mabuti ya mpira tulibeba makubwa kuliko miguu ya wageni, kwa kuwa buti linalobana likizama kwenye tope linabaki na mguu. Chakula kilikuwa maandazi, mayai ya kuchemsha na ndizi, vitu ambavyo mtu anaweza kula huku macho yakiwa kwenye majani. Viboko wa Rusizi hawakusoma programu zetu, kwa hiyo kila programu ilikuwa na saa moja ya bure kwa ajili yao. Na mimi niliambiwa niache udi siku za safari. Kwa mwanamke wa Buyenzi, kutoka nyumbani bila kufukiza nguo ni mtihani. Nilibisha kwamba ndege hawanusi. Salvatori akanijibu kwamba ndege hawana shida, shida ni watu wanne wanaopiga chafya ndani ya gari lililofungwa vioo.

Kulikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata siku moja. Aliliita "kupita mbele." Siku mbili kabla ya wageni, mmoja wetu alikwenda mwenyewe mahali pale, akasimama palepale watakaposimama wageni, saa ileile, akatazama. Nilidhani ni ushamba wa mtu asiyeamini karatasi. Nilimwambia hivyo siku moja, naye akaendelea kusafisha kioo cha gari.

Ikafika siku Salvatori akapumzika kazi, akarudi Ruziba kwenye mihogo yake na nyavu za baba yake. Wiki ileile Patroni aliniita. Alisema safari za ndege zinakula gari, zinakula muda, na yeye amezeeka. Kuna kikundi cha watu wanne kinakuja. Wakiondoka wamefurahi, tutaendelea. Wakiondoka wamenuna, tunafunga mlango huo na mimi narudi kwenye tiketi za eropleni. Kazi ile nilikuwa nimeshaipenda, na kukaa tena nyuma ya meza ile kungekuwa kama kurudishwa darasa la kwanza.

Kiongozi wa wale wanne alikuwa Madame Odile, mama wa makamo aliyewahi kuwa mkunga, mpole na mwenye mwandiko mzuri. Aliniandikia kwamba ndege wengine wote ni zawadi, lakini yeye anakuja kwa ajili ya mmoja tu: gonoleki wa mafunjo. Ni ndege mweusi mgongoni, mwekundu kifuani kama pilipili iliyoiva, na utosini ana rangi ya njano. Haishi popote isipokuwa ndani ya mafunjo, yale matete marefu ya majini yenye nywele juu, na hapendi kutoka nje. Madame Odile alikuwa amemtafuta katika nchi tatu, mara tatu, na mara tatu alimsikia tu bila kumwona.

Mimi na Salvatori tulijua bwawa moja la mafunjo kwenye uwanda, zaidi ya saa moja kutoka mjini. Sitalitaja jina, mtaona kwa nini. Lilikuwa katika kolini moja. Nchini kwetu kila kijiji ni kolini, maana yake kilima, hata pale ambapo ukidondosha chungwa haliviringiki kwenda popote. Shefu wa kolini hiyo alikuwa Mzee Deo, mtu mwembamba, mtaratibu, mwenye koti moja la kijivu. Nilizungumza naye Kiswahili siku zote, na nilijisemea kimoyomoyo kwamba ni mzee wa shamba tu.

Nilipanga safari ile vizuri, na niliona fahari. Niliiweka Jumapili. Jumamosi asubuhi, mnavyojua, ni kazi za jumuiya: watu wote wanatoka na majembe na mapanga, wanafyeka na kuzibua mitaro, na magari yanasimama mpaka wamalize. Mpangaji mshamba angepoteza asubuhi nzima pale. Mimi nilihesabu kila kitu, hata mayai. Isipokuwa sikupita mbele. Gari lilikuwa kwa fundi, mvua ilikuwa inanyesha, na simu ilikuwa mkononi. Nikampigia Mzee Deo siku ya Alhamisi. Nilimwambia wageni wangu ni watu wakubwa, wanakuja Jumapili alfajiri kuangalia mafunjo yao, na ninaomba tu pawe pazuri.

"Apana wasiwasi, mama," akaniambia. "Watakuta pazuri sana."

Jumapili tuliondoka mara tu nilipomaliza kusali. Tulipokaribia, kabla sijaona kitu, nilisikia harufu ya majani mabichi yaliyokatwa. Nilijiambia ni shamba la mtu. Gari likakata kona, na kwa mwanga ule wa kwanza nikawaona watu, kama sitini hivi, wamevaa nguo za misa, wamesimama mistari miwili. Katikati yao palikuwa na njia iliyofagiwa, na kando ya njia makopo ya maua. Mwisho wa njia viti vinne vilivyofunikwa vitambaa vya kufumwa vilitazama maji. Na kati ya viti na maji hapakuwa na kitu. Mafunjo yote yalikuwa yamekatwa mpaka usawa wa maji na kupangwa mafungu mafungu, kazi safi kabisa. Ufuo ulikuwa kichwa cha mtoto aliyenyolewa jana.

Walikuwa wameyafyeka siku ile ya Jumamosi, kwa heshima yetu. Nani anamkaribisha mgeni mkubwa porini? Unafagia, unakata majani, unamfungulia mgeni macho ili aone bwawa vizuri. Na mimi ndiye niliyeomba pawe pazuri.

Madame Odile alitembea ile njia polepole mpaka mwisho, akashika mgongo wa kiti. Alisema kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo, "Wamenyoa kila kitu. Ilikuwa nyumba yake. Nimesubiri miaka yote hii, na nimechelewa siku moja."

Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Mzee Deo akaniuliza, "Mama anasema nini?"

Niliangalia zile nguo za misa, na mikono iliyofungwa vitambaa kwa sababu ya malengelenge. Nikamfikiria Patroni na ile meza ya tiketi. Nikasema kwa sauti kwamba Madame anasema katika maisha yake yote hajapokewa mahali palipoandaliwa kwa heshima kama hapa. Watu walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na ndege watatu wa mwisho waliokuwa wamebaki upande ule wakaondoka. Mzee Deo alipiga makofi pia, polepole, huku akinitazama.

Wageni walikaa kwenye viti kwa adabu, wakapewa maziwa. Mimi nikaanza kutembea ufuoni nikitafuta hata kichaka kimoja. Mzee Deo alinifuata. Baada ya hatua kama mia tatu nikaona mafunjo yamesimama, kipande kisichozidi ua wa nyumba moja, na mbele yake bibi mmoja amekaa kwenye kigoda, fimbo mapajani. Nikamuuliza Mzee Deo ni nini kile. Aliona aibu kidogo. Akaniambia ni Bibi Anjelina, msuka mikeka. Jana watu walipofika pale na mapanga, alileta kigoda chake akakaa, akasema mikeka ya harusi ya mjukuu wake imo mle ndani na anayetaka kufyeka aanze na yeye. Walimbembeleza, walimkaripia, hakuinuka. Mzee Deo alimwandika kwenye kitabu kwamba hakufanya kazi ya jumuiya. Na asubuhi hii amerudi kulinda, kwa sababu hamwamini mtu.

Nikampigia bibi magoti. Nikamwamkia, nikamwambia nina wageni wanaotaka kukaa kando yake. Aliuliza swali moja tu, kama wana mapanga. Nikamwambia hawana, wanaangalia tu. Hilo lilimshangaza kuliko mapanga. Ndipo nikamfungulia kitabu cha picha, nikamwonyesha gonoleki.

"Huyu?" akasema. "Huyu na muke wake wananipigia kelele kila asubui. Mumoja anaanza, mwingine anamalizia. Kaeni chini, munyamaze."

Niliwaleta wageni wakinyata. Tulikaa chini kwenye majani yenye unyevu, watu wazima wanne, shefu na mimi. Hatukusubiri hata nusu saa. Sauti moja ilitoka ndani ya mafunjo, nzito kama mtu anayepuliza chupa, na ya pili ikaijibu palepale. Kisha bua moja likayumba. Kwa kawaida ndege yule ana bwawa zima la kujifichia. Siku ile alikuwa na ua mmoja tu, na alipotaka kupita upande wa pili ilimbidi apite mbele yetu. Alisimama wazi, kifua chekundu, utosi wa njano, akatutazama na kuona hatumhusu. Madame Odile hakuinua jumeli. Alilia tu, bila sauti, na mimi nikalia naye, kwa sababu nilikuwa nimejihesabu nimekwisha. Baadaye alimvisha Bibi Anjelina jumeli yake shingoni ili naye aangalie. Bibi alitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe ana kofia."

Basi kwa upande wa Patroni mambo yaliisha hapo. Madame Odile alimwandikia barua ya kurasa tatu, na safari za ndege hazikufungwa, ndiyo maana ninyi mna kazi. Ningeweza kumalizia hapa nikajisifu. Lakini wakati wageni wanapanda gari, Mzee Deo alinishika mkono akanivuta pembeni.

"Mama," akasema, "mbele ya kuwa shefu, nilifundisha Kifaransa kwa ekole ya hapa miaka makumi mbili. Nilisikia vile yeye alisema. Nikasikia vile we ulisema."

Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote ile nilikuwa nikiongea Kifaransa na wageni mbele yake, mara nyingine nikieleza desturi zake mwenyewe, na yeye ananyamaza. Sisi watu wa mjini tuna ugonjwa huo. Nilianza kuomba msamaha, akanizuia.

"Kuwaficha watu wangu leo, sawa, walikuwa wamechoka. Lakini umewasifu. Wageni wengine wakikuja, watu watafyeka tena, na mara hiyo watamwinua Bibi Anjelina na kigoda chake. Tayari wako wanasema yeye ndiyo aliharibu. Mi naweza kuwaambia, lakini makofi walikupigia we."

Nilirudi mjini na neno hilo. Ningeweza kusingizia kazi, na kwa siku mbili nilisingizia. Siku ya tatu nilikwenda Ruziba kumwona Salvatori. Alisikiliza yote huku anamenya mihogo, alicheka palipostahili, kisha akauliza nitapita mbele lini. Ijumaa nikapanda basi, kwa kuwa Jumamosi asubuhi nisingepata gari, nikalala kwa Bibi Anjelina juu ya mkeka wake. Mkeka ule ulikuwa mzuri kuliko godoro langu.

Asubuhi watu walikusanyika na mapanga na majembe, wakafurahi kuniona, wakidhani nimeleta shukrani nyingine. Mzee Deo alinipa nafasi. Niliwaambia kwamba kosa ni langu. Mimi niliomba pawe pazuri bila kusema kwamba kwa yule mgeni uzuri ulikuwa ni mafunjo yenyewe. Mimi sikuja kuangalia. Na mimi niliwadanganya: Madame hakusema nilichosema, alisema nyumba ya ndege imevunjwa, na aliyeiokoa sehemu iliyobaki ni Bibi Anjelina. Sikuwatazama usoni mpaka nilipomaliza.

Hakuna aliyepiga makofi. Kijana mmoja mwenye panga begani aliuliza kama nina maana kwamba Jumamosi nzima walijichubua mikono kuharibu kitu ambacho mgeni alitoka mbali kukiona. Nikamwambia ndiyo, na kwamba nasikitika sana. Nilifikiri mimi na kolini ile tumeachana.

Bibi Anjelina akainuka kwenye kigoda chake. "Shefu," akasema, "leta kitabu."

Mzee Deo alitoa daftari kwenye koti la kijivu.

"Fungua pale uliandika sikufanya kazi."

Akafungua, akapata.

"Sasa niandike nilifanya."

Mzee Deo alivaa miwani. Alieleza, kwa upole wa mwalimu, kwamba mbele ya kila jina kuna mahali pa kuandika kazi iliyofanyika, na wengine wote wameandikwa kufyeka. Yeye aandikiwe kazi gani?

"Andika nilikaa," akasema Bibi.

Wa kwanza kucheka alikuwa mwanamke mmoja nyuma, kisha kicheko kikawafikia wote. Mzee Deo hakucheka. Alifuta neno la zamani kwa mistari miwili iliyonyooka, akaandika jipya kwa mwandiko wa ubaoni, akalisoma kwa sauti ili kila mtu asikie. Kisha akainua macho juu ya miwani, akauliza ni nani mwingine angependa kuandikwa kazi hiyo kwa Jumamosi ya leo, kando ya mafunjo. Yule kijana aliteremsha panga begani, akalilaza kwenye majani, na akawa wa kwanza kukaa chini.